Kuchangia Programu Huria Ukiwa Talatala: Vidokezo Saba

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, na kuwakaribisha wengine waiboreshe. Karibu hiyo ni yako pia, kijana wa Talatala, Ipinda au Matema wilayani Kyela. Programu huria ni msaragambo: huulizwi umetoka wapi, unaulizwa umekuja na jembe gani.

1. Anza na programu unayoitumia. Labda ni LibreOffice ya shuleni, au ramani ya OsmAnd kwenye simu. Ukifanya kazi kituo cha afya huenda unaijua DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Anayeitumia programu kila siku ndiye anayejua inapokwama.

2. Soma kwanza. Faili la README, la CONTRIBUTING, na leseni. Nusu saa inatosha.

3. Linda bando lako. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Torvalds huyohuyo aliitengeneza mwaka 2005, haihitaji mtandao muda wote. Jitengenezee nakala ya mradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, kisha siku ukiwa Kyela mjini penye mtandao mzuri, andika `git clone --depth 1` na anwani ya nakala yako. Itashuka hali ya sasa tu, bila historia yote ya miaka. Nyumbani hifadhi kila hatua kwa `git commit`. Umeme ukikatika, ulichokwisha kuhifadhi kipo. Ukirudi mjini, andika `git push` ili kazi yako ipande kwenye nakala yako ya GitHub.

4. Lete unachokijua wewe. Hapa ndipo penye utajiri. Chukua mfano wa saa. Programu iliyotafsiriwa bila uangalifu itaandika "kliniki saa 8:00", na mama aliyetakiwa afike asubuhi atakuja saa nane mchana, kliniki imeshafungwa. Mtunza programu aliye Ulaya hawezi kuliona kosa hilo. Wewe unaliona mara moja. Dawa yake ni mistari michache: kwenye saa ya mzunguko wa 12, toa 6, jibu likiwa 0 au chini yake, ongeza 12. Saa 8 ya Kizungu inakuwa saa 2, saa 6 inakuwa 12, saa 1 inakuwa 7. Andika na jaribio la kila saa, kuanzia 1 hadi 12, ili atakayekuja baadaye asiiharibu.

5. Kasoro moja, ombi moja la mabadiliko (pull request). Eleza kilichokuwa kinatokea, ulichobadilisha, na ulivyojaribu. Ombi lenye mabadiliko ya mafaili arobaini humchosha msomaji, na mara nyingi hulala.

6. Usivunjwe moyo na kimya. Watunzaji wengi wanajitolea baada ya kazi zao. Subiri wiki mbili, kisha kumbusha kwa heshima. Ukirudishiwa na masahihisho, furahi: mtu ameisoma kazi yako mstari kwa mstari. Na Kiingereza kifupi, kilichonyooka, kinatosha kabisa.

7. Kama msimbo bado mgumu, tafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, na kazi ya namna hiyo haijaisha. Fungua orodha ya tafsiri ya programu uipendayo, jaza maneno kumi leo, kisha mwite mwenzako umwonyeshe kumi yanayofuata.