SOMO: Haki za Akina Mama na Haki za Wanaume – Je, Ni Mashindano?

Siku hizi neno "haki za wanawake" likitajwa sokoni au kwenye matatu, mabishano huanza papo hapo. Wengine husema akina mama wamepewa kila kitu. Wengine husema wanaume bado wamekalia kila kitu. Leo tujadiliane bila kugombana, tukitazama jambo moja: mali ya nyumba.

1. Tumetoka wapi?

Mwaka 1985 mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi. Wa nne ulifanyika Beijing, Uchina, mwaka 1995. Baada ya hapo, mama akiuliza habari za shamba aliambiwa, "Wacha mambo ya Beijing!" Baadaye wanaume nao walijipanga, kikatokea chama kiitwacho Maendeleo ya Wanaume. Kilisema wako waume wanaopigwa nyumbani na wanaona haya kusema. Malalamiko ya pande zote mbili yasikilizwe. Hata sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili nyumbani humlinda yeyote anayeumizwa, awe mke au mume.

2. Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjika.

Wanaume wengi wanaogopa: "Basi akiondoka atachukua nusu!" Sivyo. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja atapata kulingana na mchango wake.

Lakini mchango ni nini? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema si pesa tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima na kusimamia mali ya familia, yote ni mchango. Tena nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali kwa maandishi.

3. Mfano

Bwana ameajiriwa mjini. Bibi amebaki nyumbani analima, anakama ng'ombe, analea watoto. Baada ya miaka kumi wananunua ekari mbili kwa mshahara wa bwana. Bwana anasema, "Nimenunua peke yangu." Lakini kama bibi hangelima, mshahara ungeisha kwa kununua unga. Kama bwana hangetuma pesa, shamba halingenunuliwa. Kila mmoja akikataa kazi ya mwenzake, anakana ukweli.

4. Zoezi la kikundi

Wanaume wakae kando, na akina mama kando. Kila upande utaje kazi zote za boma kuanzia alfajiri hadi usiku, pamoja na kuleta pesa. Kwa kila kazi wekeni punje chini: maharagwe kwa kazi ya mke, mahindi kwa kazi ya mume. Halafu kutaneni mlinganishe. Msicheke mtu.

5. Maswali ya kujadili

- Ni kazi gani upande mmoja uliisahau? Kwa nini?
- Shamba letu limeandikwa jina la nani? Akifa leo, mwenzake anajua cheti kiko wapi?
- Mwanamume akipigwa nyumbani, katika kijiji chetu ataenda kwa nani?
- Someni Mwanzo 1:27. Inatufundisha nini juu ya mke na mume?

6. La kufanya

Kabla ya kikao kijacho, kila mwenye ndoa aketi na mwenzake waandike pamoja mali yao: shamba, mifugo, akiba na madeni pia. Si lazima kuonyesha kikundi. Katibu aulize tu ni nani amefanya, na ni nini kiliwazuia waliobaki.