Uzito wa Mwili na Kipimo cha Dawa ya Usingizi

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji, na kwa ndugu watakaomsindikiza. Lengo lake ni kueleza kwa nini mtu mwenye kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, hupimiwa dawa za usingizi na ganzi kwa uangalifu wa pekee, na mambo gani mgonjwa mwenyewe anapaswa kuyasema kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Unene si jambo la mijini mikubwa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Hawa ndio walio katika umri wa kuzaa, na kujifungua kwa upasuaji ni miongoni mwa sababu za kawaida za mwanamke kuhitaji ganzi au usingizi. Mama anayetoka Msimbati, Kitaya au Kilambo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, huenda asikutane na mtaalamu wa usingizi ila muda mfupi kabla ya upasuaji. Yafaa afike akiwa amejiandaa.

Kilo za mizani na kilo za dawa

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala anajua kwamba kilo za ghalani hazielezi kila kitu. Gunia likipimwa, ganda na kiini huhesabiwa pamoja. Lakini kiini, ambacho ndicho kiliwacho, ni takribani robo tu ya uzito huo.

Mwili nao una sehemu zisizolingana. Ubongo, moyo, ini na figo hupata damu nyingi; mafuta hupata damu kidogo. Dawa ya usingizi ikiingia katika mshipa, hutangulia kufika penye damu nyingi. Mtu akiongezeka kilo 40 za mafuta, ubongo wake haukui kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo dawa ya kulaza kama propofoli, ikikadiriwa kwa kilo zote za mizani, yaweza kushusha shinikizo la damu kupita kiasi na kuzuia pumzi.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila dawa hupunguzwa. Suksametoniamu, dawa inayolegeza misuli kwa muda mfupi ili mpira wa kupumulia uingizwe kooni, hukadiriwa kwa uzito wote wa mwili. Ikitolewa kidogo, misuli hailegei ipasavyo, na mgonjwa hubaki katika hatari ya kukosa hewa. Hapa ndipo ulipo ugumu wa kazi hii: kuzidisha kwaweza kudhuru, na kupunguza kwaweza kudhuru vilevile.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mama mwenye kilo 95 na urefu wa sentimita 155. Njia rahisi ya kukadiria uzito stahiki wa mwanamke ni kutoa 105 katika sentimita za urefu wake. Kwa mwanamume hutolewa 100. Uzito stahiki wa mama huyu ni 155 – 105, yaani kilo 50.

1. Lignokaini isiyochanganywa na adrenalini, dawa ya ganzi ya kuchoma sehemu ya kidonda au jipu: kwa kiwango cha juu cha miligramu 3 kwa kila kilo, uzito stahiki unatoa miligramu 150. Kilo za mizani zingetoa 285, karibu maradufu. Kuzidi kwa ganzi hii huweza kuleta ganzi ya ulimi, mvumo masikioni, degedege, hata moyo kusimama.

2. Suksametoniamu, kwa miligramu 1 kwa kila kilo: uzito wote unatoa miligramu 95. Uzito stahiki ungetoa 50 tu, nazo huenda zisitoshe.

3. Baadhi ya dawa hukadiriwa kwa uzito wa katikati: uzito stahiki pamoja na asilimia 40 ya kilo zilizozidi. Kwa mama huyu ni 50 + 18, yaani kilo 68.

Hesabu hizi zimewekwa ili msomaji aelewe, si ili ajipimie dawa. Mtaalamu huangalia pia umri, ujauzito, moyo, figo na aina ya upasuaji.

Pumzi huisha mapema

Mafuta ya tumbo na kifua huyabana mapafu, hasa mtu akilala chali. Akiba ya oksijeni huwa ndogo, na pumzi ikisimama oksijeni hushuka upesi kuliko kwa mtu mwembamba. Ndiyo maana mgonjwa huinuliwa kichwa na mabega kwa mito na kuvutishwa oksijeni kabla ya kulazwa. Anayekoroma sana na kukata pumzi usingizini huhitaji uangalizi zaidi baada ya upasuaji, kwa kuwa dawa kali za maumivu kama morfini huweza kuipunguza pumzi yake.

Wajibu wa mgonjwa na ndugu

• Kubali kupimwa uzito na urefu, wala usitaje kilo za kukisia. Mwenye kuona haya anaweza kuomba apimwe faraghani.
• Sema kama unakoroma, au kama mwenzi wako amekuona ukikata pumzi usingizini.
• Taja dawa zote unazotumia, za kisukari, za shinikizo la damu na za miti shamba.
• Eleza kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata shida kwa dawa ya usingizi.
• Fuata muda wa kufunga uliopewa. Kwa kawaida ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Chai ya maziwa si maji, na vyakula vya mafuta, kama korosho na vilivyoungwa kwa nazi, hukaa tumboni muda mrefu zaidi.
• Uliza: “Je, nitalala kabisa au nitachomwa ganzi? Nani atanitazama baada ya upasuaji?” Kuuliza ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

Ukipata madhara unayodhani yametokana na dawa, mweleze mtoa huduma na uombe yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kilo za mizani hazitoshi kukadiria kila dawa?
2. Taja dawa moja inayokadiriwa kwa uzito wote wa mwili, na ueleze hatari ya kuipunguza.
3. Mwanamke mwenye sentimita 160 ana uzito stahiki wa kilo ngapi? (Jibu: 55.)
4. Ni mambo gani matatu utakayomweleza mtaalamu wa usingizi hata asipokuuliza?