Hamira na Utoaji wa Mafuta Yenye Sumu

Hamira inayoumua unga wa maandazi ni kiumbe hai cha seli moja, lakini nayo, kama ini la binadamu, hulazimika kutoa nje vitu vinavyoidhuru. Taabu kubwa i katika mafuta. Hayayeyuki katika maji, na utando unaoizunguka seli wenyewe umejengwa kwa mafuta; molekuli ya mafuta ikiingia humo hunasa.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, walieleza jinsi hamira inavyojinasua. Kimeng'enya kiitwacho Atf2 hubandika kipande kidogo cha kikemikali, asetili, juu ya steroli, yaani kundi la mafuta ambalo kolesteroli ni mojawapo. Kimeng'enya cha pili, Say1, hukibandua. Steroli iliyobanduliwa hubaki ndani. Iliyosalia na asetili hutolewa nje. Pregnenoloni, ambayo katika mwili wa binadamu ni chanzo cha homoni nyingi, haibanduliwi na Say1, hivyo hutoka.

Hamira iliyonyimwa kimojawapo cha vimeng'enya hivyo ilidhurika kwa urahisi zaidi ilipowekewa eujenoli. Hiyo ndiyo dawa iliyomo katika karafuu, ile ile inayotuliza jino linalouma. Ikumbukwe kuwa kutuliza jino si kunywa: mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto mdogo yaweza kuharibu ini lake.

Lakini steroli yenye asetili bado ni mafuta. Ni nani anayeibeba katika maji yaliyo nje ya seli? Jibu lilitoka Fribourg tena, mwaka 2012: ni protini za Pry, ambazo seli huzimwaga nje. Protini hizo hushika kolesteroli, na hamira isiyo nazo hushindwa kutoa steroli zake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba protini ya binadamu ya ukoo huo huo, CRISP2, inayopatikana katika mbegu za kiume, ilipotiwa ndani ya hamira hiyo iliishika kazi iliyokwama. Baadaye protini SmVAL4 ya mnyoo wa kichocho nayo ikafanya hivyo hivyo.

Hapa ndipo hamira inapowagusa wagonjwa. Minyoo ya kichocho na ya safura humwaga protini za ukoo huu ndani ya mwili wa mtu. Mojawapo, Na-ASP-2 ya mnyoo wa safura, ilijaribiwa kuwa chanjo. Nchini Brazil, baadhi ya watu wazima waliokwisha kuambukizwa mnyoo huo zamani walivimba mabaka yenye mwasho mwili mzima punde baada ya kuchomwa sindano, kwa kuwa damu yao tayari ilikuwa na kingamwili za mzio dhidi ya protini hiyo. Jaribio likasitishwa. Tangu hapo, protini ya mnyoo inayopendekezwa kuwa chanjo hupimwa kwanza dhidi ya damu ya watu wanaoishi penye minyoo hiyo, kabla sindano ya kwanza haijachomwa.