Mbinga hadi Mbamba Bay: safari ya kuufuata udongo

Kutoka Songea, lami inakufikisha Mbinga mjini baada ya kilomita 100 hivi. Wageni wengi hupitiliza hadi Ziwa Nyasa. Ningekusihi ulale hapo, uwe na sweta, na asubuhi uchukue bodaboda kwenda vijiji vya milimani, upande wa Litembo au Langiro, ukazione ngoro, yaani mashamba ya mashimo na matuta.

Wamatengo, wenyeji wa milima hii, wanalima miteremko mikali ambayo kwingine ingeachwa porini. Mvua za masika zikigonga mlima ulio uchi, maji hushuka kwa kasi na kubeba udongo wa juu, ule wenye rutuba. Ngoro huyakatiza njia. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika miraba. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika, kisha hupanda maharage juu ya matuta. Kilima kizima hubaki na mashimo kama sega la nyuki. Kila shimo hunasa maji na udongo uliochukuliwa, na majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Kazi hii hufanyika Februari na Machi; mahindi hufuata msimu wa mvua unaofuata. Salimia wenye shamba na uombe ruhusa kabla ya kuingia, wala usikanyage matuta: tuta likibomoka, maji yamepata mlango.

Barabara ya Mbamba Bay inashuka kwa kona nyingi hadi ziwani, mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari. Muombe dereva asimame penye kingo zilizokatwa, uone mwamba uliooza ukawa udongo mwekundu. Bonde la ziwa lilifunguliwa na nguvu za chini ya ardhi zilizopasua Bonde la Ufa. Mvua na mito ndivyo vinavyolijaza udongo, punje kwa punje.

Ufukweni kazi ni ya upepo. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini, mawimbi hukua, na mchanga husukumwa kuelekea kaskazini. Miezi hiyo usipande mtumbwi kabla wavuvi hawajakuambia ziwa likoje. Liuli, kaskazini zaidi, kuna mwamba uliochongwa na hali ya hewa hadi Wajerumani wakauona unafanana na Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann.

Ukiwa na siku ya ziada, endelea hadi Lituhi, karibu na mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Machi maji yake huwa mazito kwa tope, na unaweza kuona rangi yake ikienea ndani ya maji ya bluu: huo ni udongo wa mashamba na milima ya bara. Kama ni lazima uchague mwezi mmoja, chagua Machi, ingawa njia za vijijini huteleza. Ngoro mpya na mto uliojaa utaviona katika safari moja. Utazame mto ukiwa ukingoni, pamoja na mwenyeji. Mlangoni mwa mito kuna hatari ya mamba, na penye maji yaliyotulia yenye majani, jihadhari na kichocho.