Usivune Mpaka Pembeni

Maandiko ya kusoma: Mambo ya Walawi 19:9-10, Ruthu 2, Mathayo 20:1-16

Somo la leo lilinipata dukani kwangu kabla halijafika madhabahuni, kwa hiyo naanza kwa kujihukumu mwenyewe.

Mnajua nauza maziwa. Kwa miaka mingi dada wawili walinisaidia, mmoja akipima kwa kikombe cha nusu lita, mwingine akipokea pesa na kurudisha chenji. Kisha nikanunua ile mashine tunayoiita ATM ya maziwa. Mteja anakuja na chupa yake, anasema anataka ya shilingi 20 au 50, namba inabonyezwa, na maziwa yanatoka baridi, kipimo sawasawa. Hakuna kumwagika, hakuna kugombana juu ya povu. Wateja wakafurahi, nami nikafurahi. Nikatoa ushuhuda hapa kanisani kwamba Bwana amepanua mipaka yangu, nanyi mkasema amina.

Mwezi ule ule nilimwambia dada mmoja asirudi tena. Nilimlipa siku zake zote, nikaona sina deni. Lakini Jumatano moja kwenye maombi ya nyumbani alisimama akaomba tumkumbuke kwa ajili ya kodi ya nyumba na karo ya mtoto. Hakunitaja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Halafu nikaambiwa nifunge kwa maombi, na maneno yakakataa kutoka. Nitamwombaje Mungu afungue mlango ambao ni mimi nimeufunga?

1. Mashine yenyewe si dhambi

Tusikimbilie kusema mashine ni ya shetani. Ile mistari myeusi iliyo kwenye bidhaa za supamaketi ilisomwa na mashine dukani kwa mara ya kwanza mwaka 1974, huko Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu. Wako waumini walioiogopa wakisema ndiyo chapa ya Ufunuo 13. Leo nani kati yetu anakataa unga kwa sababu ya ile mistari?

M-Pesa nayo, tangu 2007, imetupunguzia safari na foleni nyingi, na papo hapo vibanda vya mawakala vikafunguliwa mitaani, watu wakapata riziki. Kwa hiyo chombo kipya kinaweza kuondoa kazi, na kinaweza kuleta nyingine. Shida ni kwamba anayepoteza na anayepata mara nyingi si mtu mmoja. Kijana anayetengeneza programu mjini akipata kazi, keshia aliyeachishwa jana bado ana watoto wanaotaka chakula cha jioni leo.

2. Mungu aliweka sheria ya pembeni

Katika Walawi, mwenye shamba anaagizwa asivune mpaka kwenye pembe za shamba, wala asirudi kuokota yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Angalia vizuri: Mungu hakukataza mundu, wala hakukataza faida. Shamba lilikuwa la mwenyewe, na sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa yake. Alichokatazwa ni kufagia mpaka punje ya mwisho.

Tena ona heshima iliyomo. Maskini aliachiwa mahali pa kufanya kazi, arudi nyumbani na kitu alichokiokota kwa mikono yake.

Ruthu alikuwa mjane na mgeni kutoka Moabu. Boazi aliwaagiza vijana wake wamwachie masuke kwa makusudi. Kwa hesabu ya biashara, hiyo ni hasara. Lakini kutoka pale tukampata Obedi, na Yese, na mfalme Daudi, na Mathayo 1 inamtaja Ruthu katika ukoo wa Yesu. Hebu jiulize: kama Boazi angekuwa na mashine isiyoangusha hata suke moja, Ruthu angeokota wapi?

3. Asiye na kazi si lazima awe mvivu

Katika Mathayo 20, mwenye shamba anawakuta watu wamesimama bure mpaka saa ya kumi na moja, jua linakaribia kuzama. Anawauliza sababu, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwakemea. Aliwapa kazi. Kwa hiyo mtu aliyepoteza kibarua chake asiletewe mahubiri ya uvivu na sisi tuliomsimamisha kazi.

4. Mnunuzi pia ana shamba

Usiseme, "Mimi sina duka, hili halinihusu." Kila shilingi yako ni kashamba kadogo. Sisemi ni dhambi kujilipia mwenyewe kwenye mashine ya supamaketi. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, harakisha. Lakini usisahau mama mboga wa mtaani kwenu. Mashine haijui kukuandikia kwenye daftari mwezi ukiwa mgumu, wala haitakuja matanga kwako.

Mimi nilifanya nini? Nilienda kwa yule dada nikamwomba msamaha kwanza, kabla ya kumwomba arudi. Sasa asubuhi anawapelekea maziwa wazee wasioweza kutembea, na jioni anaosha mashine na mipira yake. Si siku nzima kama zamani, na faida yangu imepungua, sitawadanganya. Mashine bado ipo dukani. Ila nimejifunza kuacha pembe moja bila kuvunwa, na Jumatano nikiambiwa nifunge kwa maombi, nafumba macho bila kuogopa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Pembe ya shamba lako ni ipi: pesa, muda, au nafasi ya kazi?
2. Ni nani katika kundi letu amepoteza kazi mwaka huu, na tumemfanyia nini zaidi ya kumwombea?
3. Ukitaka kuleta chombo kipya kazini kwako, utazungumza na wafanyakazi wako kabla au baada?

Tuombe: Bwana, asante kwa vyombo vinavyotupunguzia taabu. Tusamehe pale tulipokusifu kwa faida tukamsahau aliyelia. Tufundishe kuacha pembeni. Katika jina la Yesu, amina.