Jiko la Pipa la Kukaushia Samaki kwa Moshi
Kwa wavuvi na wachuuzi wa Chokocho, Wilaya ya Mkoani, Pemba

Vibua wakivuliwa kwa wingi siku za giza, bei huanguka, na asiye na barafu huuza kwa hasara. Ng'onda anataka jua kali, nalo masika, Machi hadi Mei, halipatikani. Moshi haungoji jua. Pipa moja la chuma la lita 200 latosha kuanzia.

Pipa lilibeba nini?

Hapa tunawaomba sana msifanye haraka. Pipa lililobeba dawa ya wadudu, asidi au kemikali nyingine halifai kwa chakula, hata lioshwe na kuchomwa vipi. Ambalo muuzaji hajui lilibeba nini, liache. La mafuta ya kula ndilo bora, lakini nalo lina hatari yake: mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka ukiguswa na moto wa kuchomelea, na mafundi wamekufa kwa njia hiyo. Lioshwe kwa maji moto na sabuni, lijazwe maji, ndipo fundi aukate mfuniko wa juu kwa patasi na nyundo. Likishafunguliwa, washa moto mkali ndani mpaka rangi yote iungue, kisha lisugue.

Kulijenga

Chini toboa mlango wa kuni, sentimita 25 kwa 25. Kiasi cha sentimita 40 kutoka chini weka sahani ya chuma yenye matundu. Hiyo hugawa joto na kupunguza mafuta ya samaki yanayodondokea motoni. Mafuta yakiungua hutoa moshi wenye sumu za kusababisha saratani, nao humgandia samaki. Karibu na mdomo pitisha nondo, juu yake tandika wavu wa chuma. Waya uliopakwa zinki usiutumie, kwani ukipata moto mkali hutoa moshi wa sumu.

Liweke uwanjani, mbali na mapaa ya makuti, upepo ukipeleka moshi upande usio na nyumba.

Kuni

Mikoko isikatwe. Kuikata bila kibali ni kosa, na mizizi yake ndiyo malezi ya samaki wetu. Makumbi, vifuu na matawi makavu ya mwembe yanatosha. Mbao zenye rangi au dawa ziachwe kabisa.

Kumkausha

Kibua aliyekaa juani tangu alfajiri hujenga sumu ambayo moto hauiondoi: mlaji huwashwa, uso humwiva, hutapika. Hata jodari ni hivyo hivyo. Moshi haumrudishi samaki aliyeharibika, basi mpasue mapema, mtoe matumbo, mwoshe kwa maji safi, mtie chumvi, mwache achuruzike chini ya chandarua.

Anza na moto mdogo, mfuniko ukiwa wazi kidogo, ngozi ikauke. Kisha ongeza moto hadi nyama iachane na mfupa. Mwisho funika makaa kwa makumbi yenye unyevu, ndipo rangi ya dhahabu inapokuja. Samaki huyu bado ana maji ndani. Ni kitoweo cha leo na kesho. Wa kusafirishwa akaushwe zaidi, mpaka awe mgumu.

Wa nyanda za juu

Ndugu atakayelijenga Nairobi au Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, atakuta hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita na moto unazubaa. Aongeze matundu ya hewa karibu na mlango, asiongeze kuni.