VITAMINI D: JUA, MIFUPA NA KIPIMO CHA DAWA

Mifupa inajengwa kwa kalsiumu, nayo kalsiumu inatoka katika chakula. Lakini pasipo vitamini D matumbo hayawezi kuipokea vema. Sehemu kubwa inapita bure na kutoka na choo. Ndipo mifupa ya mtoto inabaki laini. Anachelewa kutembea, vifundo vya mikono vinavimba, miguu inapinda. Ugonjwa huu unaitwa matege.

Vitamini D inatoka wapi?

Jua likigusa ngozi, ngozi yenyewe inaitengeneza. Hapa Bunia tuko karibu na ikweta, jua lina nguvu mwaka mzima. Lakini mtoto aliyefunikwa nguo nzito au kufungiwa nyumbani mchana kutwa hapati faida hiyo. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Mama, mtoe mtoto nje kila siku kwa muda mfupi, mikono na miguu wazi, lakini usimwache aungue. Mwenye ualbino ajikinge na jua.

Samaki, maini na kiini cha yai vina vitamini D. Samaki wadogo wa Ziwa Albert, wakiliwa pamoja na mifupa yao, wanaleta kalsiumu pia. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini yana vitamini D kidogo. Kwa hiyo pengine mganga atampa mtoto matone.

Angalia kipimo!

Ngozi inajua kupima, chupa haijui. Vitamini D ya dawa ikizidi haitoki upesi, inawekwa katika mafuta ya mwili. Kalsiumu inajaa katika damu. Mgonjwa anatapika, ana kiu, anakojoa mara nyingi, tumbo linafunga, na mafigo yanaweza kuharibika.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji yuniti 400 kwa siku. Mtoto mkubwa na mtu mzima, 600. Mtu mzima asipite 4,000 kwa siku pasipo agizo la mganga. Sasa fikiri: kuna ampule moja yenye yuniti 200,000. Hiyo ni sehemu ya mtoto mchanga ya siku 500! Usirudie ampule kwa shauri la jirani ili mifupa ipate nguvu upesi. Soma namba, na umwonyeshe mganga kila dawa uliyokwisha kumpa mtoto.

Maswali

1. Vitamini D inafanya kazi gani mwilini?
2. Kwa nini jua la dirishani halitoshi?
3. Dalili za kuzidisha dawa ni zipi?
4. Nyumbani kwako kuna ampule au matone? Yameandikwa yuniti ngapi?